Mabati Yasiyo na Namba

Mama aliyasugua mabati kwa mchanga na majivu kabla hatujaamka. Tulipotoka nje yalikuwa yamelala uani, yanang'aa, hayana neno la kutuambia.

Yalikuwa ya stoo ya chuma tuliyoinunua kwa setla mzungu aliyekuwa akifunga virago upande wa Plateau. Alipoibomoa alipaka kila bati namba nyeupe: tatu ishikane na nne, nne na tano. Lori likayaleta Yamumbi, kwenye shamba letu jipya, ambako hatukuwa na kitu ila kibanda cha nyasi kinachovuja na mahindi ya Mama yaliyokwisha kupukuchuliwa, juu ya turubali. Chakula chetu cha mwaka mzima kilikuwa pale, chini ya mawingu.

Kaka yangu aligeuza bati moja, kisha lingine.

"Mama, namba ziko wapi?"

"Nimezitoa."

"Umezitoa? Sasa tutaunganisha na nini, na maombi?"

"Nyinyi niliwazaa kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi wa setla," Mama akasema, "nyumba imepakwa namba mlangoni. Nyapara hakuniita mama ya fulani. Aliita namba, nami nikaitika. Kwa shamba langu, namba ya mzungu haitakaa hata chooni."

"Basi mvua ikija, uiambie hayo."

Nilimchukia kaka kwa kusema hivyo. Nilimchukia zaidi kwa kuwa alinitangulia kuyasema.

Mabati yalifanana kama watu wa ukoo mmoja, na kama watu wa ukoo mmoja hayakupatana. Tundu hili lilipishana na lile kwa upana wa kidole. Tulikaza bolti, tukalegeza, tukakaza tena. Spana iliteleza ikanichuna ngozi ya kiganja.

"Shika vizuri! Hiyo mikono ni ya kalamu tu?"

"Imeshika bati tangu asubuhi. Wewe umeshika mdomo."

"Gombaneni," Mama alisema kutoka kwenye turubali, akijaza magunia bila kuinua macho. "Mawingu yanawasikiliza."

Alasiri kuta tatu zilikuwa zimesimama na paa liko juu. Likabaki bati moja la ukuta wa nne, upande wa upepo, nalo likakataa kabisa. Tulijua maana yake: mahali pake tulikuwa tumeweka lingine, huko nyuma, na kurekebisha kosa ni kubomoa yote. Kaka alimtazama Mama. Mama akamtazama vilevile. Tone la kwanza likagonga paa.

Tuliburuta magunia ndani tukitukanana. Bati lile kaka aliliegemeza kwenye pengo, akalifunga kwa kamba na kulizuia kwa mawe. Mvua ya huku haianguki, hutembea kwa ubavu. Ilikuja na mawe yake yenyewe ya barafu, ikalisukuma bati ndani kama askari anayesukuma mlango. Magunia ya pembe ile yakalowa hadi moyoni.

Mama hakukubali mahindi yatupwe. Aliyaanika, akayasaga. Ugali ukawa na uchungu wa ukungu, sima ya kijivu, usiku baada ya usiku hadi mavuno mengine. Yeye alikula bila kukunja uso. Siku moja kaka aliacha tonge mkononi.

"Uchungu?" Mama akamuuliza.

Kaka akalirudisha tonge sahanini. Mama akaivuta sahani ile, akamaliza ugali wote, akitutazama mmoja baada ya mwingine.