Unga Mweupe wa Mahindi

Leo nimefungua kopo la dawa ya mahindi, na harufu yake kali imenirudisha kwenye jiko la mama, katika kijiji kipya tulichohamishiwa.

Nyumba zilipangwa kwa mistari, na mimi sikumjua mtoto hata mmoja. Kutoka kwetu kwa zamani nilikuja na paka wa kijivu, nimembeba kikapuni. Viroboto walimsumbua. Nikafikiri, kama unga ule mweupe wa dawa, uliokuwa kwenye kopo la mama, unaua wadudu wa mahindi, viroboto watauweza wapi? Nikampaka mgongo mzima, siku tatu mfululizo. Kila nikimaliza, alikaa juani akijiramba.

Siku ya nne alitapika povu la njano. Uji wa ulezi aliukataa, dagaa hakuwagusa. Macho na ndani ya masikio vikawa na rangi ya ua la boga.

Mama alimfunua fizi, akazitazama. "Hili ni ini, limeharibika. Umempa nini, mwanangu?"

"Sijampa kitu, mama." Kopo lilikuwa nyuma yangu.

"Basi atakuwa amekula mjusi."

Jioni paka alijikokota hadi mapajani mwangu, akaanza kuniramba kiganja. Nilikuwa nimenawa, lakini kiganja bado kilinuka ile dawa. Nilijua natakiwa kuuondoa mkono.

Sikuuondoa. Tangu tuhamie pale, hapakuwa na mwingine aliyenishika mkono.