Fenesi Lisilonuka

Nilimpoteza mke kwa sababu ya pua. Misimu miwili nilikaa barazani nikingoja fenesi linuke, nalo kumbe lilikuwa limekwisha kuiva. Nimeona niliseme mapema, ili msomaji aamue kama anaendelea na habari za mtu wa namna hii au anakwenda zake shambani.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wako watu wakiona njia miguu inawawasha. Mimi nikiona njia nakumbuka kwamba sijafunga mlango. Nilipopelekwa sekondari, mbali, wenzangu walikuwa wakihesabu hesabu, mimi nikihesabu likizo. Nikarudi na elimu yangu mkononi kama kuku wa kununuliwa, sijui pa kuiweka. Ilikuwa ndiyo miaka Wazungu wa karanga walipoingia Nachingwea na mashine za kung'oa miti, na kila kijana mwenye mikono alikwenda huko. Mimi nilipewa ukarani, niandike majina ya wenye mikono. Nilidumu mpaka shati langu la kwanza lilipochanika kolani, nikarudi kwetu Ruponda. Mama alinitazama, akaongeza maji kwenye chungu cha ugali.

Lakini ukarani huo mfupi ulinipatia mke. Yeye alikuwa wa Mandawa, upande wa Ruangwa, na alikuja Nachingwea kumtazama kaka yake aliyekuwa akifanya kazi ya karanga. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mabega, sauti haitoki, mabega ndiyo yanayokwenda. Nilimchekesha mara moja kwa bahati, nikaona hiyo ndiyo kazi ninayoiweza.

Siku niliyompeleka kumwonyesha kwa mama, tulinunua fenesi kwa mtu wa Lindi aliyeshuka nalo kwenye gari moshi. Lilikuwa limeiva mno. Lorini abiria walitugeukia mmoja mmoja. Mzee aliyekaa karibu nasi akahama, akaona bora akae juu ya magunia ya chumvi. Tulipofika nyumbani hatukumwalika mtu. Hakuna anayealika watu kwenye fenesi. Mama alitandika mkeka na majani ya mgomba, akapaka kisu na mikono mafuta ya ufuta ili utomvu usimgande, na kabla hajalipasua uani palikuwa pamejaa. Harufu ilikuwa imepita kwenye kila ua ikabisha hodi. Watu wakala, wakamtazama mchumba, wakamsifu, wakarudi kunawa na kula tena. Kokwa mchumba wangu alitaka kuzikaanga zote. Nikaficha moja, nikaifukia nyuma ya nyumba, kando ya ua wa kuogea, pale maji yanapotokea.

Sasa, kwetu anayehama ni mwanamume. Ukioa unachukua jembe lako unakwenda kukaa kwao mke, unalima shamba la mama mkwe, na watoto utakaozaa watamsikiliza mjomba wao kuliko wewe. Hayo niliyajua tangu utoto kama mtu anavyojua kwamba iko siku atakufa, yaani bila kuamini kwamba yatamfika. Yakanifika. Nikaenda Mandawa.

Nililima, sisemi sikulima. Lakini mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, ni heshima, na ule mji ulikuwa na kona nyingi. Kila nilipoifikia kona nilikohoa ili kama yuko upande wa pili apate kupisha. Nilikohoa asubuhi, nilikohoa mchana, mpaka shemeji yangu mmoja akaniletea dawa ya kifua. Nikainywa, kwa aibu ya kueleza. Mke wangu alicheka mabega yake yote siku hiyo. Naikumbuka kwa sababu ni miongoni mwa siku za mwisho alizocheka na mimi.

Kabla ufuta haujakauka vizuri, ikaja habari kwamba mama ni mgonjwa. Nikarudi Ruponda nikamuuguza, nikamzika. Mke wangu alikuja kwenye arobaini. Watu walijaa, wakasoma, wakala, wakakunja mikeka wakaondoka, na mimi nikasema siwezi kurudi Mandawa. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia nyumba haiwezi kuachwa peke yake. Akaitazama ile nyumba, vyumba viwili na paa la nyasi lililoinama upande mmoja, kama anayetafuta ndani yake kuna nini cha kuibwa.

Hakugomba. Alizunguka nyuma kuoga, aliporudi akasema ameuona mti wa ile kokwa, umefika kifuani. Kesho yake nilimsindikiza mpaka njia kuu, na hapo ndipo tulipoagana kwa maneno niliyoyashika.

"Mama yangu simwachi leo," alisema. "Lakini mti wako ukizaa uniite, tulile la kwanza pamoja. Nitakaa mpaka liishe. Nikiona nyumba inakalika, mama nitamwambia mimi mwenyewe."

Mwanamume mwingine angesikia hapo kwamba ameambiwa atengeneze nyumba. Mimi nilisikia kwamba nimeambiwa nitunze mti.

Nikautunza. Maji yangu ya kuoga yote yaliishia pale, na wakati wa kiangazi nilioga hata nisipokuwa na uchafu. Mwanzoni nilikwenda Mandawa baada ya mavuno, nikiwa na kanga mkononi, nikikohoa tangu kwenye mashamba ya watu. Kisha nikawa nakwenda mwaka huu, mwaka ule siendi. Njiani mtu analala mara moja, na kulala kwa watu si jambo ninalolipenda. Tena nilijiambia, haraka ya nini, ahadi ipo na mti unakua.

Upweke wa nyumba ya mtu mmoja hauna kelele, ndiyo maana hausikiki unapoingia. Nilianza kuusikia kwenye ugali. Ugali wa mtu mmoja haupikiki: ukiuwekea unga kidogo unaungua, ukiuongeza unabaki, na wa kubaki unaukuta asubuhi umekaa kwenye sahani unakutazama. Niliacha kutandika mkeka mkubwa, nikawa nakalia kigoda. Mashine za karanga nazo zikapungua, wale vijana waliokwenda Nachingwea wakatawanyika, wengine wakafuata mkonge, na jioni kijijini zikawa za watoto na wazee. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema na mtu wa kuambiwa alikuwa Mandawa.

Alikuwapo jirani mmoja tu aliyefika kwangu bila shida maalumu, mjane aliyevuka Ruvuma na watu wake kutoka upande wa Wareno. Kiswahili chake alikipata ukubwani, sokoni, na hakupoteza muda kujifunza maneno ya kupamba. Kila alichokuwa nacho alikisema kama kilivyo. Mimi aliniita "karani", ingawa ukarani wenyewe ulikwisha zamani, na alipenda kuniuliza kama leo nimeandika majina ya kuku wangapi.

Mwaka mti ulipozaa nilikaribia kucheza ngoma peke yangu. Mafenesi matatu yalitokea kwenye shina, chini, yakanenepa. Nikakitia kitanda kamba mpya. Nikapaka ukuta wa mbele udongo mweupe. Wa nyuma nikauacha, mgeni huja kwa mbele. Kisha nikakaa barazani kungoja harufu.

Kwa sababu ndivyo fenesi lijulikanavyo. Fenesi halikaguliwi, likiiva linasema lenyewe, na linasema kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mimi niliyashuhudia ya lile la Lindi. Nisingeweza kumwita mwanamke kutoka Mandawa, alale njiani, aje kukuta fenesi bichi. Mjane akipita aliuliza, hayo vipi? Nikajibu bado, hayajanuka. Moja likaanguka likapasuka, ndani limeshakuwa la kahawia. Nikasema limeingiliwa na wadudu. La pili ngedere walilimaliza, nikawacheka kwa kula kitu kibichi. La tatu lilioza likiwa juu. Nikahuzunika, nikajiambia miti hukosea uzao wa kwanza.

Mke wangu alikuwa akituma salamu kwa mchuuzi mmoja wa ufuta aliyekuwa na baiskeli. Mti vipi? Nikamjibu bado. Msimu wa pili akauliza tena, na mchuuzi, ambaye alikuwa na adabu, aliniangalia pembeni alipokuwa akiuliza. Mti ulikuwa umebeba mpaka unatia huruma. Nikasema bado, ila safari hii si mbali. Nikaanza kuishuku pua yangu. Nilikwenda dukani nikalinusa pipa la mafuta ya taa, nikamnusa samaki wa ng'onda, muuza duka akaniuliza nanunua au nasalimia. Pua ilikuwa nzima. Nikarudi barazani.

Salamu ya tatu haikuja. Alikuja mjomba wake.

Nilimwona akitokea njiani na fimbo yake, kanzu ameikunja kiunoni kwa vumbi, na kwetu mjomba wa mke hatembei mwendo huo kwa sababu ya kusalimia. Nikampa shikamoo, nikamtandikia ule mkeka mkubwa, ukatoa vumbi. Alikaa, akauliza habari za mvua, habari za afya, habari za ngedere. Kisha akailaza fimbo kando, kama mtu anayengoja chakula kabla hajasema neno zito.

Nilikuwa na unga, lakini sikuwa na mboga. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikamkimbilia mjane. Alikuja na kisu chake na chupa ya mafuta ya ufuta, akauangalia mti, akasema fenesi bichi likiungwa karanga ni mboga ya kutosha, na kama haya hayataiva maisha basi yaliwe mabichi. Nikamruhusu.

Alilikata kubwa, akaliweka juu ya majani, akalipasua. Halikuwa bichi. Ndani lilikuwa la njano kama kiini cha yai, vipande vimelegea vyenyewe, asali inachuruzika. Tukainama wote wawili, pua juu yake. Hapakuwa na harufu yoyote, labda ya maji ya mvua tu, kwa mbali. Mjane alitia kipande mdomoni, akatafuna, akatema kokwa kiganjani, akaniangalia. Nikala na mimi. Tangu nizaliwe sijala fenesi tamu kama lile, na nilitamani liwe chungu.

Sikuwa na budi kulipeleka mbele ya mgeni. Mjomba alikula polepole. Alipomaliza kipande cha pili aliuliza huu ndio ule mti. Nikasema ndio. Akauliza umezaa mara ngapi. Nikasema hii ni mara ya pili, lakini nilidhani bado, kwa sababu mafenesi yake hayanuki, ni aina ambayo sijapata kuiona, mbegu imemgeuka mzazi wake. Nilieleza sana. Nilieleza kama nilivyofundishwa shuleni, kwa mpango, mwanzo mpaka mwisho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nikionekana mwongo.

Aliningoja nimalize.

"Mkwe," alisema, "sikuja kwa ugomvi. Mwanangu alisema mtu asiyemwita kwa fenesi hatamwita kwa lolote. Yuko mtu wa Chunyu, amekuja kukaa, ameshalima. Nakuomba umpe talaka yake."

Nilitaka kusema kwamba kitanda kina kamba mpya. Badala yake niliuliza anaendeleaje, bado anacheka kwa mabega? Mjomba akasema anacheka. Basi nikatamka yale ya kutamkwa, mjane na mjomba wakisikia, na sauti yangu ilikuwa safi kabisa, ya karani anayesoma majina.

Mjomba hakutaka kulala. Alipokuwa anavaa viatu aliomba, kama si tabu, achukue nusu iliyobaki ampelekee mwanawe alionje. Nikalifunga mwenyewe kwa majani ya mgomba na kamba, nikalitia kwenye kikapu. Nalo likaondoka kimyakimya, bila mtu njiani kujua mzee amebeba nini. Nikasimama mpaka njia ikawa tupu, nikarudi uani.

Mjane alikuwa amechuchumaa, akipaka kisu mafuta na kukisugua utomvu kwa majivu. Nikamwambia, kwa kuwa ilinibidi nimwambie mtu, kwamba ni bahati mbaya tu, kwamba laiti lingenuka japo kidogo mambo yangekuwa mengine. Hakuinua uso.

"Wewe karani, miguu unayo miwili, na Mandawa si Makka."