Nilisikia "Uki" Nikapigia Serikali Simu

Mimi ndiye niliyefanya. Naanza hapo ili msije mkanihurumia mapema. Jirani yangu alishikwa na askari, akalala seli, akafagia ofisi ya chifu mbele ya watu wote, na aliyemchomea ni mimi, kwa simu yangu mwenyewe, nikiwa jikoni kwangu na mwiko mkononi!

Jina langu sitaandika. Kijiji pia nakiacha, jueni tu ni upande wa Kitui na ukitoka Tulia hutembei sana. Jirani yangu nitamwita Kavata, ambalo si jina lake. Ni mjane, anafuga nyuki, na kwa miaka mingi tumekuwa tukiazimana chumvi, jembe, na maneno ambayo waume hawapaswi kusikia. Kati ya boma lake na langu kuna ua wa miti tu, na ua huo haujawahi kuzuia hata umbea mmoja.

Shida ilianzia barazani. Naibu wa chifu wetu alisimama akatuambia serikali iko vitani na pombe haramu, bangi na kila kinacholevya, na kwamba kila kijiji kitoe watu. Hakusema kitoe watu wakipatikana. Kitoe! Akatupa namba ya simu. "Mkisikia kitu, mkinusa kitu, piga. Jina lako halitajulikana."

Mimi niliiweka hiyo namba kwa simu kabla hajamaliza kuitaja. Kaka yangu aliharibiwa macho na chang'aa, na mpaka leo anashikwa mkono kwenda chooni. Kwa hivyo pombe naichukia kwa dhati, na hapo msinicheke.

Lakini chang'aa iliyomharibu macho ilipikwa nyuma ya posho mill, ile mashine ya kusaga unga ya soko letu. Bado inapikwa papo hapo, na kila mtu anajua, mpaka kuku. Niliwahi kupiga simu kuhusu huko? Nilipiga. Nikaambiwa, "Tunafuatilia." Wanafuatilia hadi leo, na wengine wao jioni hutoka huko wakifuatilia ukuta.

Sasa, wiki hiyo Kavata alikuwa na mambo yake. Nikimwita kwa ua, anajibu "nakuja" na haji. Nikienda kwake, anafunga mlango wa stoo kwanza ndipo anisalimie. Mimi nilihisi vibaya, niseme ukweli. Rafiki akianza kufunga stoo, moyo wa mwenzake unaanza kufungua yake.

Jumatatu nikiwa napika, nikamsikia upande wa pili akiongea na simu kwa Kikamba, sauti ameishusha: "Uki uko tayari. Jerikeni zimejaa. Tutapeleka Jumamosi. Usiambie mtu."

Uki! Kwetu Ukambani, uki ni pombe. Hata mtoto wa nasari anajua. Nikavuta pumzi ili nisali, na nikavuta pamoja nayo harufu, ile harufu chachu ya kitu kilichoanza kuchemka chenyewe kwa joto. Nikasema, Ngai wakwa, Mungu wangu, Kavata! Mwanamke wa kuimba kwaya!

Nilingoja? Nilienda kumwuliza? Nilikuwa nimekasirika kwamba ana siri, na sasa siri ilikuwa imejileta. Nikapiga ile namba.

Kesho yake asubuhi wakaja, na gari, na buti, na naibu wa chifu mbele akionyesha njia utafikiri hatuijui. Stoo haikuulizwa ufunguo, ilipigwa teke. Wakatoa jerikeni zilizojaa, wakatoa na pipa. Mimi niko kwa ua, jicho kwenye tundu.

"Ni asali!" Kavata alikuwa anapiga kelele. "Hiyo ni asali, na hayo kwa pipa ni maji ya masega! Natoa nta! Onjeni!"

Masega. Hapo ndipo nilipojua nimefanya nini. Maana asali nayo, kwa Kikamba, ni uki wa nzuki, uki wa nyuki. Na mtu ambaye ameishi na nyuki maisha yake yote hana haja ya kuwataja kila mara. Kwake uki ni mmoja tu. Mimi ndiye niliyesikia wa pili! Na maji ya kuoshea masega yakikaa kwenye joto letu hili, lazima yachachuke.

Askari mmoja alichovya kidole kwa jerikeni, akalamba. Akachovya tena. Akachovya mara ya tatu, kwa ajili ya uchunguzi. "Hii ni tamu kupita kiasi," akasema. "Imewekwa kitu."

"Imewekwa na nyuki!" Kavata akamjibu.

"Na hii ya pipa inanuka kangara. Ingia gari, mama."

Kangara, kama hamjui, ni ile togwa iliyochachuka inayopikwa ikawa chang'aa. Pipa likamwagwa na nta yake yote. Jerikeni zikapakiwa ziwe ushahidi. Kavata akapakiwa pia, na kitambaa cha kichwa kikabaki kwenye vumbi. Ningeweza kuruka ule ua na kusema, "Ngojeni, ni mimi nimekosea." Sikuruka. Nilirudi ndani na kupunguza moto chini ya maharagwe.

Saa ya chai nilikuwa ofisini kwa naibu wa chifu. Nikamweleza neno kwa neno, uki huu na uki ule. Yeye mwenyewe ni Mkamba, mama yake ananijua! Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Basi mwachilie," nikasema.

Kicheko kikakatika. "Mama, ripoti ikishaingia haitoki. Huko juu wanataka kila lokesheni ilete mtu. Mimi sasa nimeleta."

"Lakini umeleta asali!"

"Huko juu hawaonji. Na wewe ukienda kusema ripoti ilikuwa ya uongo, kuna kesi ya kudanganya serikali. Unataka nikuongeze kwa gari?"

Nikasema sitaki. Hivyo tu, wenzangu! Nikatoka nikapita nyuma ya posho mill, na walikuwa wamefungua mapema.

Kavata alilala seli. Kortini, watu wa kwenye korido wakamshauri vile wanavyoshauri kila maskini: kubali tu makosa, mama, uende nyumbani, ukikataa kesi itakwenda mpaka mwakani. Naye alikuwa na haraka ya Jumamosi, ambayo mimi bado sikuijua ni ya nini. Akakubali. Akasema kwa mdomo wake kwamba alipatikana na kangara. Hakimu akampa kifungo cha nje, awe akifagia ofisi ya chifu. Ushahidi ulioletwa kortini ulikuwa jerikeni moja, nayo nusu. Nasikia wiki hiyo kituoni hakuna aliyenunua sukari.

Akaanza kufagia. Walevi wa posho mill wakipita asubuhi walikuwa wanamsalimia kwa heshima zote, "Pole na kazi, mama kangara." Mimi nilibadilisha njia ya kwenda sokoni.

Kisha Mutinda, mwanawe mkubwa, akaja kwangu. Alikaa kwa kiti cha mlangoni na kushika kichwa.

"Aunti, mambo imeharibika. Wazee wa Kathonzweni wamekataa."

"Wamekataa nini?"

Ndipo akaniambia. Jumamosi hiyo walikuwa wapeleke ntheo, zile mbuzi ambazo kwetu zikishafika kwa kina msichana, basi ni mke wako, hata harusi ya kanisa ichelewe vipi. Mama yake alikuwa amenyamaza kwa sababu jambo kama hilo halitangazwi kabla mbuzi hazijafika, usije ukaaibika. Asali ilikuwa ya wakwe. Na babake msichana ni mzee wa kanisa kule Kathonzweni, hataki hata kusikia nyumba yenye pombe.

"Mimi nilimwambia mzee wamemsingizia mama," Mutinda akasema. "Akaniambia kama mama angeshtakiwa tu, angeniamini. Lakini amekubali mwenyewe mbele ya hakimu. Sasa mimi nitasema nini?"

Nikainuka nikamchotea maji. Naye akaongeza, bila kujua ananichinja, "Na wewe, mama alikuwa amekuweka mbele. Wewe ndio ungeingia na asali. Alikuwa akuambie Ijumaa."

Kijana akaondoka, hata maji hakunywa. Nililia hapo mlangoni bila haya, mpita njia akadhani nimefiwa.

Nilimkuta Kavata kwake anapika. Sikukaa. Nikasema, "Kavata, ni mimi niliyepiga simu. Nilisikia uki nikafikiri ni ule mwingine." Nikaeleza na harufu, na ya barazani, na hasira yangu ya kijinga, na vile nilivyoogopa naibu wa chifu. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata mengine nilikuwa nimemchagulia.

Akakoroga sufuria yake polepole. Mwishowe akasema, "Kesho baada ya kufagia tunaenda Kathonzweni. Utasema hivyo hivyo."

Tukaenda, Mutinda akitusindikiza. Yule mzee alitupokea kwa adabu na uso mgumu, mkewe kando yake. Nikasimama, maana maneno mengine hayasemwi umekaa. Nikasema yote.

"Ulisikia neno gani?" mzee akauliza.

"Uki."

"Uki wa nini?"

"Sikungoja kusikia wa nini, mzee wangu."

Mkewe akaguna, akaficha uso kwa leso, mabega yakitikisika. Mzee akajaribu kushikilia uso wake, ukamshinda.

"Mimi nasoma Biblia ya Kikamba kanisani," akasema, "na imeandikwa nchi ya maziwa na uki wa nzuki. Kumbe Musa akipita Kitui, angeshikwa!"

Tulicheka, jamani. Hata Mutinda alicheka. Kisha mzee akamgeukia Kavata, akawa hachezi tena. "Na kwa nini ulikubali kitu hukufanya?"

"Niliambiwa nikikubali nitarudi nyumbani," Kavata akasema. "Nilitaka kuwahi kwako."

Mzee akasema, "Leteni mbuzi. Asali mtaleta ikipatikana, kama askari watabakisha."

Mbuzi zilikwenda, na msichana sasa ni wetu. Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nawadanganya, na leo nimekuja kuungama.

Kavata ana rekodi. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kupika katika shule moja, na shule inataka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Cheti chake hakiwezi kutoka safi. Wakili mmoja alituambia inawezekana kukata rufaa, na jinsi alivyoeleza njia yake, ni rahisi zaidi kumfundisha nyuki kusoma. Naibu wa chifu alipongezwa barazani kwa kazi njema. Nyuma ya posho mill wameongeza benchi, na kaka yangu bado anashikwa mkono kwenda chooni.

Mniambie, hiyo sheria ilimlinda nani? Na mimi, niliyejifanya jicho la serikali, nilimwona nani?

Kavata hakunitukana hata siku moja, na hakunisema kanisani. Chumvi nikiomba, ananipa. Lakini juzi nilimwita kwa ua, kwa furaha, vile tumeitana tangu tukiwa wasichana waliotoka kuolewa, "Wi museo, Kavata?" yaani hujambo.

Akanijibu kwa Kiswahili. "Mzuri sana, mama. Nikusaidie na nini?"

Nilifikiri ni mzaha. Si mzaha. Tangu tulipotoka Kathonzweni, hajaongea na mimi Kikamba hata neno moja. Na watoto wangu anaongea, na mume wangu anaongea, na kuku wangu wakivuka anawafukuza kwa Kikamba kizuri kabisa. Mimi peke yangu ananiongelesha Kiswahili, kile kilichonyooka, cha kwenda nacho ofisini.

Kwa hivyo, wewe unayenisoma na una namba kama ile kwa simu yako, nisikilize. Ukisikia neno nyuma ya ua, zunguka, piga hodi, uliza "wa nini?" Ni hatua chache na jibu ni bure. Serikali ukiiita itakuja, itapiga mlango teke, italamba asali na kwenda zake. Wewe utabaki hapo na jirani, na huenda akakuongelesha kama ninavyoongeleshwa mimi.