Kifaru wa Kwenye Bahasha

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilipangiwa kufundisha shule moja ya msingi upande wa Endabash, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Karatu mjini. Nilikaa chumba cha uani kwa mama mmoja mjane, mkulima wa mahindi na maharage. Kiswahili alikijua cha sokoni na cha kanisani, kusoma hakujua. Barua zake zilikuja kupitia sanduku la posta la shule, nami ndiye niliyemsomea na kumwandikia majibu. Ujira wangu ulikuwa bahasha. Yeye alichukua karatasi, mimi nikabaki na stempu.

Stempu zilikuwa ugonjwa wangu. Walimu wenzangu walinitania kwamba nitaolewa na tarishi. Kila Jumamosi asubuhi nilitia maji ya uvuguvugu kwenye karai, nikaloweka kona za bahasha nilizokata kwa wembe, nikangoja gundi ilegee. Ukiharakisha, stempu inachanika. Ikijitenga yenyewe, unailaza kifudifudi juu ya gazeti kuukuu, na ikishakauka unaibana katikati ya madaftari. Mimi nisiye na subira hata ya kungoja chai ipoe, hapo nilikuwa mpole ajabu.

Nilikuwa na seti ya wanyama iliyopungukiwa na mmoja tu: kifaru. Ilikuwa stempu ya bei kubwa, na watu wa kawaida hawakuibandika kwenye barua. Kichekesho ni kwamba vifaru wenyewe walikuwa juu pale kreta, ndani ya hifadhi, wakila majani yao, na mimi nahangaika kumtafuta kwenye karatasi.

Ijumaa moja ikaja barua ya mwana wa pekee wa kiume wa yule mama. Alikuwa dereva wa malori ya kampuni ya barabara huko kusini, na kwa miaka minne hakuwa amekanyaga nyumbani. Nadhani posta ya kwao iliishiwa stempu ndogo, maana enzi zile kila kitu kiliadimika, kuanzia sabuni hadi karatasi. Kwenye kona ya bahasha alikuwa amesimama kifaru.

Nilisoma jioni ile uani, mama ameketi kwenye kigoda, jicho langu moja likiwa kwenye barua na jingine kwenye bahasha. Karatasi ilikuwa moja, ya daftari, imejaa pande zote mbili. Salamu kwa mama, salamu kwa wajomba, salamu kwa majirani wa bondeni mmoja mmoja, hata ng'ombe mwenye pembe iliyovunjika alisalimiwa. Kisha ukurasa ukaisha.

"Ndiyo mwisho?" mama akauliza.

"Ndiyo mwisho, mama."

"Hakusema atakuja?"

"Hakusema."

Mtu yeyote aliyesoma darasa la nne anajua barua ya Kiswahili ilivyo. Salamu kwanza, halafu ndipo linakuja dhumuni, halafu "ni mimi mwanao" na jina. Ile haikuwa na dhumuni wala jina. Mimi, mwalimu niliyewachapa watoto kwa kusahau dhumuni, sikuliona hilo. Nilimwona kifaru.

Asubuhi yake, saa mbili, nikatia maji kwenye karai. Wembe ulikuwa butu, nikaogopa kuyaharibu meno ya stempu, nikaizamisha bahasha nzima.

Muda si muda maji yakaanza kugeuka rangi ya bluu. Anwani iliandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa hiyo wino ule ulitoka wapi? Niliitoa bahasha, nikaifungua mikunjo yake. Ndani, upande usioonekana, ilijaa maandishi. Kijana alikuwa ameishiwa karatasi, akaikunjua bahasha, akaandika dhumuni lake humo, kisha akaigundisha tena.

Nilisoma yaliyobaki huku yakiendelea kunitoroka. "…tunahamishiwa Musoma… malori yetu yatapita Karatu tarehe…" Hapo palikuwa na doa tu. "…hayatalala, yatasimama kwenye kituo cha mafuta… mama usikose, nione uso wako…" Mengine yalikuwa yamebaki kwenye karai.

Mama alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anapepeta maharage. Nilichotakiwa kufanya ni kuinuka na kusema. Badala yake nikaikausha bahasha, nikajiambia tarehe itaonekana ikishakauka, nikajiambia barua ni ya juzi tu, malori bado yako mbali. Kwa uongo wote huo nilijidanganya mwenyewe, na mimi ndiye mtu rahisi kudanganywa niliyewahi kumjua.

"Mwalimu, unaumwa?" mama aliniuliza alipoona sijaenda kisimani.

"Kichwa tu, mama."

Akaniletea uji. Niliunywa wote. Ile bahasha ilikauka na tarehe haikurudi, ila kifaru alikauka vizuri mno, hana hata mkunjo, na nilimchukia.

Jumapili kanisani mama alisimama kutoa shukrani kwa ajili ya barua. Nikashindwa kuvumilia. Njiani kurudi nikamwambia yote, hata neno la mwisho la bahasha. Hakupaza sauti. Alisema neno moja kwa lugha yake ya Kiiraqw ambalo hakunitafsiria, akageuka na kushika njia ya Karatu akiwa bado amevaa nguo zake za kanisani. Nikamfuata nyuma.

Kituo kilikuwa kimefungwa siku ile. Tulikaa kando ya barabara, vumbi jekundu likitupaka, na kila injini iliyosikika mlimani ilimwinua mama alipoketi. Landrova ya hifadhi ikapita. Likapita lori la magunia, dereva wake mzee. Jua lilipoteremka tukarudi nyumbani. Jumatatu sikuingia darasani. Alfajiri tulikuwa njiani tena.

Safari hii mjaza mafuta alikuwepo, kijana mwenye ovaroli. Mama alimuuliza mwenyewe kama malori ya kampuni ya barabara yameshapita.

"Yale ya kusini? Yalipita Jumamosi, mama. Yalisimama hapa tangu saa nne mpaka saa sita. Dereva mmoja alikuwa anamwulizia mama yake wa Endabash kwa kila mtu. Kaacha barua."

Nilipiga hesabu pale pale nilipokuwa nimesimama. Saa mbili asubuhi nilikuwa na bahasha mkononi. Mwendo ni wa saa mbili. Tungemkuta, tungekaa naye hadi saa sita, mama angemshika uso. Si maji yaliyomnyima, ni mimi na kichwa changu cha kusingizia.

Mjaza mafuta akatoa kipande cha mfuko wa saruji kilichokunjwa. Mama akakipokea kwa mikono miwili. Kwa mazoea nikanyoosha mkono wangu. Mama alinipita, akamrudishia yule kijana.

"Nisomee wewe," akamwambia.

Kijana alisoma polepole, akikwama kwama, na mimi nilikuwa mbali kidogo kama mtu asiyehusika. "Mama, nimekungoja mpaka wenzangu wamepiga honi. Najua mwalimu alikusomea, kwa hiyo nimejua ni miguu inakusumbua. Usihuzunike. Nikipata likizo nitakuja mwenyewe. Anwani mpya iko hapa chini."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mwandikie," akamwambia kijana. "Mwambie miguu yangu ni mizima."

Kijana akasema hana karatasi wala kalamu. Nilikuwa na daftari kwenye mkoba. Nikachana ukurasa, nikampa mama pamoja na kalamu yangu. Alivipokea bila kunitazama, akampa kijana vyote viwili, akaanza kumtajia salamu.