Mtoto aliyezibwa macho kisu kikiwa juu

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumapili, Nenita Sumalpong, mkalimani wa lugha ya alama, anavua pete, saa na bangili, anavitia mkobani, kisha anasimama kushoto kwa altare mbele ya ukuta mweupe. Amevaa blauzi nyeusi isiyo na ua hata moja. Wengine huvaa wapendeze kanisani, yeye huvaa ili mikono yake ionekane.

Benchi la mbele ni la watoto viziwi wa parokia hii ya mjini Dumaguete. Kwa kawaida huwa tisa. Leo wapo wanane, na nafasi ya wa tisa wenzake wameiacha wazi wala hawaisogelei.

"Yule wa tisa ni Hazelyn," anasema Nenita baada ya misa, akifungua kifurushi chake cha wali wa kunata. "Ana miaka minane. Ndiye mwepesi kuliko wote. Nikikosea kidole tu, ananirekebisha mbele ya watu."

Hazelyn hajaonekana kwa wiki mbili, tangu Jumapili liliposomwa somo la baba aliyeambiwa na Mungu amtoe mwanawe kafara mlimani. Siku hiyo watoto wanaosikia walikuwa wakichezea nywele za dada zao, na somo likawapita hivi hivi. Kiziwi hapitwi. Nenita alikuwa baba, akawa mtoto, akawa mtoto aliyebeba kuni za kuchomewa yeye mwenyewe. Kisu kilipopanda, kilipanda mkononi mwake, hatua tatu kutoka nyuso za watoto.

"Sikutia chumvi," anajitetea. "Tunaweza kunong'ona kwa vidole, na siku ile nilinong'ona. Lakini kisu ukikinong'ona bado ni kisu."

Jioni hiyo Hazelyn alikusanya visu vyote vya nyumbani akavifukia kwenye pipa la mchele. Na mtoto huyu, katika watoto wote wa Dumaguete, ni binti wa muuza nyama ya nguruwe. Zamani akitoka shule alikaa juu ya meza ya baba yake sokoni, kazi yake kufungua mifuko na kurudisha chenji. Sasa haingii sokoni, hali nyama iliyokatwa na baba, na baba akiingia chumbani yeye anatoka.

"Nguruwe mwenyewe haniogopi hivyo," anasema Crisanto Tubil, baba yake. Anajaribu kucheka, kicheko hakiji.

Mama wa mtoto, Marivic, alilipeleka jambo kwenye halmashauri ya parokia. Alitaka kila somo lenye damu linapofika, watoto wale watolewe, wapelekwe ukumbini kupaka rangi picha. Wazazi kadhaa walimuunga mkono.

Kwa Nenita, mwenye umri wa miaka 47, suala si fedha. Anapata peso mia tatu kwa misa, nauli na soda basi, na riziki yake ni kushona sare za shule. Ila alipopata habari alikuja juu.

"Watoto wanaosikia wabaki, wangu watolewe? Kiziwi maisha yake yote anaambiwa 'nitakueleza baadaye'. Watu wanacheka mezani, anauliza kuna nini, anaambiwa baadaye. Hiyo baadaye haifiki!"

Anatafuna kidogo, kisha sauti inashuka. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi, na yeye ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya nyumba. Alikuwa na miaka saba alipomsindikiza mama yake mjamzito kliniki.

"Daktari aliniangalia mimi, si yeye. Akasema, mwambie mama yako kwamba mtoto aliye tumboni amekufa. Nikamwambia, kwa mikono hii hii. Kwa hiyo mtu akisema yapo mambo ambayo mtoto asibebeshwe, siwezi kumcheka. Mimi niliyabeba."

Sasa lipi lililo sawa, mtoto afichwe au aambiwe? Anakiri alilizungusha swali hilo siku nyingi kwenye cherehani bila kulipatia jibu. Jumatano iliyofuata akaamua kwenda kwa kina Tubil.

Marivic alimpokea kwa kahawa na uso mkavu.

"Manang, mimi nakuheshimu," alianza, kwa jina ambalo vijana wa huku humwita mwanamke aliyewatangulia kuzaliwa. "Lakini wewe huamshwi usiku na mwanangu. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, nikakuona umeinua kisu, nikamziba macho. Mama gani asingeziba?"

"Ulimziba kwa mikono miwili?"

"Miwili. Nikamlaza kifuani kabisa."

"Ukamwachia lini?"

"Walipoanza kuimba."

Nenita akaweka kikombe chini.

"Basi Marivic, mwanao hajui kwamba ule mkono ulizuiwa. Hajamwona malaika, hajamwona kondoo. Kwake yeye yule mtoto alichinjwa, kisha watu wote wakaanza kuimba."

Marivic aliinuka. Alishika mdomo, akaenda mwenyewe kumwita binti yake.

Hazelyn alisimama mlangoni, Nenita akaanza pale pale kisu kilipoachwa. Mtoto alimkodolea macho bila kupepesa hadi mwisho. Hakutabasamu. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: kama Mungu hakumtaka mtoto, kwa nini alimwomba?

"Nilimwambia sijui," anasema Nenita. "Nilitafuta jibu la kikubwa, nikaona aibu."

La pili: walirudije nyumbani? Mtoto alikubali tena kutembea na baba yake?

Kanisani somo huishia mapema, hivyo Nenita aliomba Maandiko ya nyumba ile akafuata mistari kwa kidole, Hazelyn akiwa amemwegemea begani. Baba alirudi kwa watumishi wake chini ya mlima. Mtoto hatajwi.

"Somo lile linakuja kila baada ya miaka mitatu. Nimelifasiri mara saba, sijawahi kujiuliza mtoto alikwenda wapi. Nikampigia Padri."

Padri Ruel hafichi. "Nilimwambia wataalamu wana maelezo mengi. Akaniuliza, 'Yapi, Padri?' Nikamwambia nina ubatizo nawahi."

Alhamisi halmashauri ilikaa. Marivic aliomba neno, akaeleza mbele ya wote alichokifanya kwa mikono yake miwili. Wakakubaliana watoto wabaki kanisani hadi Pasaka, kwa majaribio, na kwa sharti moja: kila Jumamosi wazazi waonyeshwe kwa alama somo la kesho yake, kisha wao wenyewe wawaonyeshe watoto wao kwanza. Hapo minong'ono ikazuka, maana wengi hawajui alama za mikono. Crisanto alikiri anazijua tatu: kula, lala, na leta simu.

Jumamosi mchana, ukumbini, yeye ndiye wa kwanza kuitwa, na kwa ombi lake anapewa somo lile lile la mlimani. Amekuja na shati lililopigwa pasi na mikono inayonukia sabuni. Hazelyn yuko mwisho wa ukumbi, mapajani kwa mama yake.

Anaonyesha mlima, anaonyesha kuni. Vidole vyake ni vinene na vinagongana, watoto wanacheka, naye anacheka nao. Mkono unapanda na kisu. Pale anasahau.

Anabaki hivyo, mkono juu, jasho likimtiririka. Marivic anamtazama Nenita. Nenita anatia mikono yake mfukoni.

Hazelyn anashuka mapajani. Anatembea ukumbi mzima, wala hakimbii. Anaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake yote miwili, anauvuta chini, kisha anamwonyesha alama aliyoisahau, ile ya malaika. Baba anakosea. Mtoto anamrekebisha mbele ya watu.

Nenita anataka Jumamosi hizi ziendelee hata Pasaka ikipita. Desemba, anasema, litakuja somo la mfalme aliyeua watoto wachanga, na pale hakuna malaika wa kuzuia mkono. "Hilo sijui nitalifanyaje. Nina miezi tisa ya kufikiri, na safari hii nitawauliza watoto kwanza."

Wakati wa kufunga ukumbi, Crisanto anamfuata Nenita amfundishe alama mbili zaidi, "pamoja" na "nyumbani". Anazirudia mara nne, kisha anamgeukia Hazelyn na kumwonyesha: baba, mtoto, pamoja, nyumbani.

"Hilo halimo kwenye Maandiko, Dong," Nenita anamwambia, kama wakubwa wa huku wanavyomwita mwanamume mdogo kwao.

"Najua halimo, Manang. Lakini anayeulizwa kila siku kwa yale macho ya mwanangu ni mimi."