Kwa Mheshimiwa wa Duka la Mbegu

Niliondoka Lushoto kwa sababu ya swali ambalo nyumbani hakuna aliyeweza kunijibu. Mimi ni bibi shamba, yaani afisa kilimo wa kata, na kazi hiyo nimeifanya tangu nilipotoka chuo. Mwaka huu watu wa chama walikuja nyumbani, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua, kisha wakaniomba nigombee ubunge. Sharti lilikuwa niache kwanza utumishi wa serikali. Nikishindwa, ndiyo basi, sina kazi ya kurudia. Wakanipa muda mfupi wa kufikiri.

Mume wangu Hamza, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, hakunikataza wala hakunihimiza. Tulikuwa tunakula aliposema taratibu, "Nenda Dar ukamuulize mzee Elirehema. Yeye alishapita huko."

Mzee Elirehema alikuwa bosi wangu wa kwanza. Alianza ujana wake kama bwana shamba kwao, kwenye tambarare za chini ya Kilimanjaro, akapandishwa cheo mpaka akaletwa Lushoto kuwa afisa kilimo wa wilaya. Ndiye aliyenifundisha kupekecha udongo kwa vidole kabla ya kusema lolote kuhusu shamba la mtu. Halafu akaacha kazi, akarudi kwao, akagombea, akawa mbunge. Kwa miaka kadhaa tulimwona kwenye televisheni akiuliza habari za umwagiliaji. Baadaye akashindwa uchaguzi, na jina lake likapotea. Nilisikia tu kwamba yuko Kariakoo, kwenye duka la mbegu la mkewe.

Alfajiri basi lilipoondoka, ukungu ulikuwa umelala barabarani. Tuliteremka kona baada ya kona kuelekea Mombo, na milima ikawa inajitokeza na kufutika, kama vile haikuwa na hakika kama ipo. Mashamba ya kabichi niliyoyakagua wiki iliyopita niliyaona kwa juu, nikayaona mageni. Huku bondeni joto lilitupokea mara moja. Mistari ya mkonge ikaanza kupita dirishani, ikapita, ikapita, nikasinzia. Nilipoamka sikujua kama tumeshavuka Korogwe au nilikuwa nimeota kwamba tumevuka.

Jioni tulifika Mbezi, kwenye kituo kikuu cha mabasi. Nikapanda basi la mwendokasi hadi Magomeni kwa shangazi yangu, anayeishi kwenye nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vinavyotazamana ukumbini. Alinipa maji ya kuoga na wali wa nazi, hakuniuliza nimefuata nini. Nililala huku nasikia redio ya jirani ikiongea peke yake.

Asubuhi nilikwenda Kariakoo. Nilikuwa sijafika miaka mingi, na nilitembea taratibu, watu wakinipita kulia na kushoto kama maji yanavyopita jiwe. Vitenge vilining'inia juu ya milango ya maduka hadi ghorofani. Mabeseni ya plastiki yalipangwa kwa rangi. Mahali fulani nilisikia harufu ya kabichi zilizokatwa karibuni, harufu ya kwetu kabisa, nikasimama katikati ya njia na kwa kitambo kidogo nilikuwa Lushoto, na baridi yake. Kijana muuza viatu akanigusa bega. "Dada mambo? Umepotea?" Nilimtajia jina la mzee. Akasema, "Aa, Mheshimiwa. Nyoosha hapo, kata kushoto. Duka lenye mabomba ya kunyunyizia dawa nje."

Duka lilikuwa jembamba na lenye kivuli. Makopo ya mbegu yalijaa mpaka darini, kila kopo na picha ya nyanya au tikiti zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona shambani. Mzee Elirehema alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, nywele zimekuwa nyeupe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitambua, halafu uso wake ukafunguka polepole.

"Zahara wa Lushoto," alisema. "Viazi vyako bado vinashikwa na ukungu?"

Mkewe, Mama Neema, aliniletea soda na kiti. Nikaeleza nilichofuata. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nikae tu, nisiwe na haraka. Basi nikakaa. Wateja walikuja na majani yaliyokauka ndani ya mifuko, na yeye akawa anayageuza mwangani, anauliza maji yanatoka wapi, mara ya mwisho walipanda nini. Alionekana mwenye furaha. Nilianza kuogopa kwamba jibu langu ndilo hilo: kwamba alizunguka kote kule ili arudi kuwa bwana shamba.

Kabla ya adhuhuri aliingia mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole. Mzee alinijulisha kwake: anaitwa Mama Nakijwa, mkulima wa vitunguu kutoka jimboni kwake, amekuja mjini harusini. "Huyu alikuwa mpiga kura wangu," mzee akasema.

"Nilikuwa," Mama Nakijwa akaitikia, wote wawili wakacheka.

Mzee alipoingia ndani kutafuta mbegu, yule mama alinihadithia mwenyewe, bila kuficha. Elirehema alipokuwa bwana shamba kijana alikuwa anajua hata majina ya mbuzi wa mama huyo. Alipokuwa mbunge walimwona kwa nadra, ila aliwapigania mfereji mpaka ukajengwa, na maji yake ndiyo yanayomwagilia vitunguu hadi leo. Nikamuuliza kwa nini basi hakumpa kura mara ya pili.

"Mwaka ule nilifiwa na mume wangu. Mheshimiwa alikuwa Dodoma kwenye bunge la bajeti, anadai huohuo mfereji wetu. Mwenzake aliyeshindana naye alikuja akakaa msibani." Mzee aliporudi, akachukua kopo lake la mbegu, akamuaga kwa heshima, akaondoka.

Alasiri mvua kubwa ilinyesha. Habari zikaja kwamba bonde la Jangwani limejaa maji na mwendokasi umesimama, kwa hiyo kurudi Magomeni kulitaka kuzunguka. Mzee akaita bajaji. Yeye angeshuka kwake Upanga, ambako Mama Neema alikuwa ametangulia, na mimi ningeendelea kwa njia ya daraja la Salenda.

Turubai za bajaji zilifungwa pande zote, tukawa kama tumekaa ndani ya ngoma. Mji wote nje uligeuka taa na vivuli vinavyoyeyuka. Nilimwambia nilichosikia kwa Mama Nakijwa. Akasema anajua, maana mama huyo alimwambia usoni, na mwanzoni ilimuuma hata akawa hatoki nyumbani. Alidhani watu wamemsahau. Baadaye aligundua hawakumsahau hata kidogo. Walimkumbuka yule wa kwanza, bwana shamba, ndiye waliyekuwa wanamngoja arudi.

Tulikuwa kwenye foleni aliponigeukia.

"Zahara, nilipokuwa bwana shamba nilipendwa. Nilipokuwa mbunge nilifaa. Vyote viwili kwa pamoja sikuwahi kuvipata."

Nikamuuliza kama angerudishwa nyuma angefanya tena. Maji yalikuwa yanatambaa chini ya miguu yetu.

"Maji yanafika mashambani mpaka leo," alisema. "Lakini wewe usigombee ukitaka wakupende. Wanakupenda tayari. Kupendwa huko ndiyo bei utakayolipa."

Upanga, mbele ya maghorofa, Mama Neema alikuwa anangoja na mwavuli. Mzee aliingia chini yake, wakaondoka polepole wameshikana mikono, na mvua ikawafunika. Niliendelea peke yangu. Pale Salenda bahari ilikuwa ya kijivu, haina mstari kati yake na mbingu, na ndipo nilipojua nimeshaamua. Hapakuwa na shangwe moyoni. Nilijisikia kama mtu anayehama nyumba anayoipenda.

Siku iliyofuata nilirudi Lushoto. Hamza alinitazama usoni akajua, akasema watoto tutawaeleza pamoja. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaipeleka halmashauri, kisha nikapanda mlimani kumwambia Mama Zaina, ambaye shamba lake la viazi ndilo la kwanza kabisa nililolihudumia. Sikutaka asikie kwa watu.

Alikuwa anapalilia. Alinisikiliza ameegemea jembe. Nilimweleza habari za barabara, za soko, za mambo ambayo bibi shamba hawezi kuyafikia hata atembee maisha yake yote. Alipoona nimemaliza akauliza, "Sasa viazi vikiugua, nitamwita nani?"

Nilitaka kumwambia ataletwa mwingine, tena mzuri kuliko mimi. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa sijui kama ataletwa, na nilishaona Kariakoo jinsi mtu anavyoweza kuleta maji na bado akadaiwa kiti kitupu msibani.

"Sijui, Mama Zaina," nikasema.

Aliinama akaendelea kupalilia. Nilidhani ameninunia. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwamba wote waliowahi kuja kuomba kura walijua kila kitu, na mimi ndiye wa kwanza kusema sijui. Hakusema kama atanipa kura yake. Nilivua viatu, nikaingia kwenye tuta la pili, nikaanza kung'oa magugu.