Majani ya Mlimani

Ugonjwa wa sotoka ulipomaliza ng'ombe wetu kule Haneti, mume wangu alibaki na fimbo ya kuchungia na kiburi chake. Mwaka uliofuata mvua nayo ikakataa. Ndipo alipokuja karani wa Mdachi, akaketi nje ya tembe letu, akasema anaandika watu wa kwenda mashambani. Mahali palikuwa pawili: kwenye kahawa, milimani Usambara, au kwenye katani karibu na bahari. Kila mtu achague mwenyewe. Kwa hilo, eti, Mdachi alituheshimu.

Mimi nilitaka baharini. Binti yetu alikuwa bado ananyonya, na kifua chake kilikuwa kibovu tangu azaliwe. Miezi ya kipupwe nilikuwa namlaza upande wa ndama, maana kwetu ndama hulala ndani pamoja na watu, na joto lao ndilo blanketi letu. Sasa ndama hawakuwapo. Mjomba wangu, aliyewahi kubeba pembe za ndovu hadi pwani, alinihakikishia kwamba kule mtu hujifunika kaniki moja na bado anatoka jasho. Nilimweleza mume wangu hayo yote.

Yeye alimwuliza karani swali moja tu: kule mlimani majani hukaa mabichi mwaka mzima? Karani akasema ndiyo. Basi, ikawa imekwisha. Mgogo aliyepoteza ng'ombe ukimtajia majani mabichi hasikii tena jambo lingine. Hakuuliza habari za baridi, wala kazi yenyewe ni ipi.

"Kama majani yapo, ng'ombe hawako mbali," aliniambia. "Mtoto atapata maziwa, kifua kitapona."

Tulitembea siku nyingi, mtoto mgongoni. Majani tuliyakuta kweli, yanafika magotini, yana umande hata jua likipanda. Ng'ombe hatukumwona hata mmoja. Msimamizi hakutaka mnyama karibu na mikahawa yake. Na kazi tuliyopewa, mimi na mume wangu, ilikuwa kung'oa majani. Tukimaliza mstari mmoja, yameshaota kwenye ule wa nyuma. Tuliyarundika pembeni yakaoza. Mtu ambaye nyumbani angezunguka kutwa kutafuta konzi moja ya majani yale, sasa alikuwa akiyakanyaga bila kuyatazama.

Kibanda chetu kilikuwa cha nyasi, ukungu ukiingia na kutoka upendavyo. Wiki ya tatu mtoto alianza kukohoa. Nilimfunga kwenye kaniki, nikamkumbatia tumboni, nikawa mimi ndiye ndama. Haikutosha. Tulimzika juu ya mstari wa mwisho wa mikahawa, na kabla mwezi haujaisha kaburi lilikuwa limefunikwa na majani mabichi.

Mkataba ulipokwisha tulirudi. Kaka wa mume wangu akamkabidhi ndama jike amtunze, kama ilivyo desturi yetu kwa mtu aliyeishiwa. Mume wangu akamfunga mlangoni, anacheka peke yake, akaniomba nikamtafutie majani.

"Nenda kang'oe mwenyewe," nikamwambia. "Kazi hiyo unaijua."

Kicheko kikakatika. Alichukua jembe akaenda, akarudi jioni na konzi moja. Ndama alipoingizwa ndani, chumba kikapata lile joto la zamani, na hapo ndipo nilipolia kuliko nilivyolia mlimani. Nikaivuta ngozi yangu ya kulalia, nikaitandika upande wa pili, kwenye baridi.